Kuchezesha nyimbo zinazovuma katika kumbi za usiku: kwa nini watu huondoka uwanjani ninapobadilisha wimbo?

Kijana wa Sakina, Arusha

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kusimama nyuma ya mitambo katika kumbi za usiku za Arusha na Moshi, kwa sababu nimefika mahali ambapo kufanya mazoezi peke yangu chumbani hakunisogezi tena mbele.

Nilianza kwa kuchezesha muziki katika vipaimara, sendofu na harusi, ambako mshereheshaji ndiye anayeongoza na DJ humfuata. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu nimepewa Ijumaa na Jumamosi katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, kuanzia saa nne usiku hadi saa tisa. Kuunganisha nyimbo nilijifunza kwa muziki wa hausi, nikaamini kwamba aliyeiweza hausi hawezi kushindwa na nyimbo ambazo hata watoto wa shule huziimba njiani. Sasa naona kwamba nilikosea.

Meneja anataka nyimbo zinazovuma tu: Bongo Fleva, amapiano, Afrobeats ya Nigeria, dansiholi kidogo, na pop ya Marekani na Ulaya kwa ajili ya wageni waliotoka hifadhini au walioshuka mlimani. Sina kinyongo na agizo hilo, maana nyimbo hizo nazipenda kwa dhati. Kinachonisumbua ni maungio. Jumamosi iliyopita, saa saba kasoro, uwanja ulikuwa umejaa hadi karibu na meza za pembeni. Nilikuwa na Bongo Fleva ya mapigo 96 kwa dakika, nikataka kwenda kwenye wimbo wa pop wa mapigo 126 kwa sababu kundi la wageni lilikuwa limekaa tu. Nikaanza kuuharakisha wimbo wa kwanza kidogo kidogo, na sauti ya mwimbaji ikawa kama ya mtu anayesoma huku anakimbizwa. Nilipoingiza wimbo wa pili, waimbaji wote wawili wakawa wanaimba kwa pamoja maneno tofauti kwa lugha tofauti. Kabla dakika haijaisha, nusu ya watu walikuwa wamerudi mezani, na hata wale wageni hawakunyanyuka.

Jambo la pili ni watu wanaokuja na simu mkononi kuniomba wimbo. Kwa usiku mmoja naweza kuombwa nyimbo 20, na nyingi kati ya hizo nimekwisha kuzicheza au nimepanga kuzicheza baadaye. Nikikataa naonekana nina dharau, nikikubali mpangilio wangu unaharibika.

La tatu linaniuma zaidi. Wenzangu wanaocheza hausi na tekno husema kwamba kuchezesha nyimbo zinazovuma si kazi ya DJ, kwamba yeyote mwenye orodha ya nyimbo kwenye simu anaweza kuifanya. Kama ni hivyo, mbona mimi nashindwa? Naomba mnieleze ufundi wa kazi hii uko wapi hasa, nami nitajifunza.

Mkongwe wa Pasua, Moshi

Kijana wangu, nimesoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kwamba umelieleza tatizo kwa hesabu za mapigo badala ya kuwalaumu watu waliokuja kustarehe. Nimechezesha muziki hapa Moshi tangu enzi za kaseti, tulipokuwa tukitafuta mwanzo wa wimbo kwa kuzungusha mkanda kwa kalamu, na mpaka leo naona kwamba nyimbo zinazovuma ndizo ngumu kuliko zote kuzichezesha vizuri.

Ugumu wenyewe umo ndani ya wimbo. Hausi hutengenezwa na mtu anayemfikiria DJ: mwanzoni huacha ngoma tupu, na mwishoni vilevile. Mapigo 32 katika kasi ya 128 ni sekunde 15, na mtunzi akikuachia mafungu mawili ya namna hiyo, unayo nusu dakika nzima ya kuingiza wimbo wa pili bila sauti ya mtu kugongana na sauti ya mtu mwingine. Pop hutengenezwa kwa ajili ya redio na simu, ambako msikilizaji asiyenaswa mapema huhama, kwa hiyo mwimbaji huanza karibu na sekunde ya kwanza na wimbo mzima mara nyingi haufiki dakika tatu na nusu. Ukiziunganisha nyimbo mbili za aina hiyo kwa mbinu ya hausi, hata mapigo yakilingana sawasawa, masikio ya watu hayajui yamfuate nani. Hicho ndicho kilichokupata, na hakikutokana na mkono mbaya.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko wewe. Katikati ya miaka ya 1970 huko New York, ma-DJ waliokuwa na santuri ndogo za dakika tatu walihangaika vivyo hivyo, mpaka Tom Moulton alipoanza kurefusha nyimbo kwa ajili ya kumbi za disko na kuacha sehemu za ngoma peke yake. Humo ndimo ilimozaliwa santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja mrefu. Wewe unayo kazi ileile, ila unaifanyia nyumbani kwenye kompyuta. Chukua kila wimbo ambao una hakika utaucheza wiki hadi wiki, tafuta ndani yake mapigo 16 au 32 yasiyo na sauti ya mtu, yarudie mwanzoni kama lupu, kisha uhifadhi nakala hiyo kando. Kwa nyimbo 150 utatumia asubuhi za mwezi mzima. Wenzako wanaosema kwamba orodha ya simu inatosha hawajawahi kuamka saa mbili asubuhi kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye kasi. Kutoka 96 hadi 126 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 31. Sauti ya mwanadamu huvumilia asilimia nne au tano hivi. Ukizidi hapo, hata kama programu yako inazuia sauti isipande juu, maneno husikika yamebanwa. Kwa hiyo kasi haipandishwi ndani ya wimbo mmoja, hupandishwa kwa ngazi ya nyimbo: 96, kisha 100, kisha 104, kisha 108, kisha 112. Kila hatua hapo ni kama asilimia nne, na mchezaji anapanda bila kujua kwamba anapanda. Zamani ngazi hiyo ilikuwa na vidato vilivyokatika, lakini miaka hii mambo yamekuwa mepesi, kwa sababu Afrobeats nyingi zimekaa kati ya 100 na 110, amapiano iliyotoka Afrika Kusini imetulia karibu na 112 au 113, na Bongo Fleva yenyewe imeazima ngoma na besi ya amapiano kiasi kwamba unaweza kutembea saa nzima bila kuruka. Tena amapiano huja na utangulizi mrefu, na baadhi ya nyimbo zenyewe huzidi dakika sita, kwa hiyo hapo mbinu zako za hausi zinarudi kazini.

Kutoka 112 kwenda 126 usijaribu kupanda. Kata. Subiri kiitikio kiishe, tupa mwangwi kwenye neno la mwisho, acha ukimya wa pigo moja, kisha anza wimbo wa pili moja kwa moja kwenye kiitikio ambacho ukumbi mzima unakijua. Mtu aliyeutambua wimbo ndani ya sekunde mbili husamehe kasi iliyobadilika. Asiyeutambua hukaa chini. Ndiyo maana mkato wa namna hiyo haufanywi kamwe kwa wimbo mgeni.

Nikupe na hili la singeli, maana naona vijana wengi wa huku Kaskazini wanaiogopa. Singeli ya Dar es Salaam hukimbia mapigo 200 na kuendelea, na DJ asiyeijua huitupa katikati ya usiku kama jiwe. Lakini singeli ya 224 ni 112 mara mbili. Ukitoka kwenye amapiano ya 112 na kuingia kwenye singeli hiyo pigo juu ya pigo, mtu mzima aliyekuwa anacheza taratibu anaendelea na hatua zake zilezile, na kijana aliye pembeni yake anakimbia, wote wawili wako sawa na ngoma. Mara ya kwanza nilipolifanya hili na kuona mama mmoja wa makamo anacheza na mwanawe bila yeyote kati yao kukosea, nilishukuru kwamba sikuacha kazi hii.

Ninyi wa Arusha mna jambo moja ambalo sisi wa Moshi hatulisikii kwa nguvu hiyo. Mji wenu umelelewa na hip hop. X Plastaz walianzia hapo kwenu miaka ya 1990, na baadaye kundi la Weusi. Watu wenu hawaimbi kiitikio peke yake, hughani ubeti mzima, na wanaungoja ule mstari wa mwisho ambao msanii ameweka uzito wake. Ukikata ubeti kabla ya mstari huo ili tu uwahi wimbo unaofuata, umewanyang'anya kitu walichokuwa wamekishika mkononi. Jifunze nyimbo kwa maneno yake, usijifunze kwa mapigo tu. Mimi husikiliza kila wimbo mpya mara nne au tano nikiwa nimekaa, kabla ya kuugusa kwenye mitambo.

Na ukipata kazi Moshi mwezi Desemba, jiandae upya kabisa. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na hata Nairobi, na ukumbi uliokuwa wa vijana wa chuo unakuwa wa watu wa miaka 40 wanaotaka Bongo Fleva ya miaka ya 2000, zile nyimbo walizokuwa wakizisikiliza walipoondoka hapa kutafuta maisha. Nyimbo hizo ziko chini, nyingi hazifiki mapigo 96. Mimi huzipanga zikiwa peke yake, kwa saa moja hivi, na sizichanganyi na nyimbo za leo.

Kuhusu maombi ya nyimbo, mimi siyapokei kabla ya saa saba usiku. Hapo sina maelezo zaidi.

Fundi Mitambo wa Kijenge, Arusha

Shikamoo mzee wa Pasua, na wewe kijana habari yako. Mimi hufunga mitambo kwenye kumbi, harusi na mikutano ya injili, na nimesimama pembeni ya ma-DJ wengi nikiona watu wakiondoka uwanjani kwa sababu isiyohusiana kabisa na uchaguzi wa nyimbo.

Nyimbo hazirekodiwi kwa ukubwa mmoja wa sauti. Bongo Fleva za miaka ya 2000 mara nyingi ziko chini sana zikilinganishwa na zinazotoka sasa, na pop ya ng'ambo imebanwa ikawa kubwa mwanzo hadi mwisho. DJ akitoka kwenye wimbo mkubwa kwenda kwenye wimbo mdogo bila kurekebisha kiwango cha kuingilia cha miksa, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo, sauti ya ukumbi inashuka ghafla, na mchezaji anahisi kwamba sherehe imepoa. Hajui kwa nini, ila miguu yake inajua. Kwa hiyo, kabla hujaufungua wimbo wa pili, usikilize kwenye hedifoni, tazama taa za miksa, ulinganishe viwango viwili, ndipo uufungue. Taa nyekundu isiwake. Ikiwaka, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, nyimbo zote zinaanza kukwaruza, na ndiyo njia ya haraka ya kuunguza spika ndogo za sauti kali.

Jambo la pili ni mafaili. Nyimbo zinazovuma huwafikia ma-DJ wetu kwa njia ya WhatsApp au kwa kunyofolewa kwenye video, na zikifika zimekwisha kubanwa mara mbili au tatu. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huwa imepoteza karibu sauti zote za juu kabisa, na kwenye simu huwezi kulijua hilo. Kwenye spika kubwa matoazi yanasikika kama maji yanayomwagika, na besi inakosa ukingo. Kuibadilisha faili hiyo iwe ya 320 hakurudishi kilichopotea. Inakuwa kubwa tu. Nunua wimbo, au muombe msanii au mtayarishaji wake faili kamili. Wasanii wengi wa hapa Arusha hufurahi kuombwa na DJ wa ukumbi. Utashangaa jinsi maungio yako yatakavyoonekana kuwa bora bila wewe kubadilisha chochote mikononi.

Niongeze kuhusu umeme. Kompyuta yako ina betri, lakini miksa haina. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka, na wimbo wako utaendelea kukimbia kwenye skrini huku ukumbi ukiwa kimya. Dai ukumbi uweke betri ya akiba kwa miksa na mashine za kuchezea nyimbo, na ukiwa na flashi yenye nyimbo zako zote uwe nayo mfukoni kila siku.

La mwisho nalisema kwa sababu nimewahi kulia nalo. Sikio langu la kushoto halikunipa usingizi kwa miezi kadhaa, lilikuwa likivuma usiku kucha. Kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu, kwa hiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu kumbi na matamasha, limeweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Wewe unakaa hapo saa tano, usiku mbili mfululizo, na spika ya kujisikilizia iko hatua moja kutoka kichwani mwako. Masikio yakichoka unaongeza sauti bila kujua, na ifikapo saa saba huwezi tena kusikia kwamba nyimbo mbili zinagombana. Tafuta vizibo vya masikio vya wanamuziki, na spika hiyo iwashe wakati wa kuunganisha tu.

Dada wa Kaunta, Njiro

Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu wa Sakina, mimi si DJ, ila nimesimamia ukumbi kwa miaka tisa, na naomba nikuonyeshe uwanja kutoka upande wa kaunta, ambako huwa tunaona mambo ambayo wewe huyaoni kwa sababu ya taa.

Kwanza, watu kuondoka uwanjani si kosa kila mara. Mtu aliyecheza nusu saa ana kiu. DJ mzuri huwapa watu nafasi ya kwenda kunywa, kisha huwarudisha. Na mwenye ukumbi humpenda kwa sababu hiyo, maana mshahara wa kila mmoja wetu hutoka kaunta. Tofauti iko kwenye namna wanavyoondoka. Wakiondoka wawili wawili huku bado wanaimba, umewaachia. Wakiondoka wote kwa pamoja na kutazama kule uliko, kuna kilichovunjika. Jumamosi yako ilikuwa ya namna hiyo ya pili, na nadhani mzee wa Pasua ameieleza vizuri.

Lakini naomba nikuulize: kwa nini wimbo wa wageni ulikuwa unaingia saa saba usiku? Mtu aliyeshuka Kilimanjaro amelala kwenye hema siku tano, sita au saba, na ile safari ya kileleni huanza karibu na saa sita usiku. Amechoka. Anakuja kwetu saa tatu, anafurahi sana kwa muda mfupi, na kabla ya saa sita amekwisha kurudi hotelini, kwa sababu kesho yake ana ndege au ana gari la kwenda hifadhini. Wa safari ndiyo hao hao, maana saa kumi na mbili asubuhi wanatakiwa kuwa barabarani. Pop yao ichezwe mapema, kuanzia saa nne, wakati wenyeji wetu bado hawajafika au wanakunywa polepole. Wageni waliobaki saa saba ni wale waliokuja na marafiki wa hapa, na hao wanataka amapiano na Bongo Fleva kama watu wengine. Mimi nimewaona wageni wakifurahia zaidi wimbo wasioujua ambao ukumbi mzima unauimba, kuliko wimbo wa kwao unaochezwa kwa ajili ya meza moja. Na haya hubadilika kwa majira: Juni hadi Oktoba na mwishoni mwa Desemba hadi Februari wageni ni wengi, ila kwenye mvua za Aprili na Mei unacheza mbele ya wenyeji watupu, na orodha ya Agosti haifai.

Kuhusu maombi, mzee wangu anisamehe, sikubaliani naye. Anayeomba wimbo anakupa habari ambayo huwezi kuipata kwa njia nyingine. Mimi nilimwekea DJ wetu daftari pale kaunta: mteja anaandikiwa wimbo, meza na saa, na mhudumu analipeleka daftari kila baada ya dakika 30. DJ halazimiki kucheza chochote. Baada ya wiki chache ilionekana kwamba nyimbo zilezile nane au kumi zinaombwa kila usiku, na nyingi huombwa saa tano, kabla hajazicheza. Akaanza kucheza mbili au tatu kati ya hizo mapema, na maombi yakapungua yenyewe. Watu walikuwa wanaogopa kwamba wimbo wao hautakuja. Na hapo ndipo penye busara ya kazi yako, kwa maoni yangu: ukimaliza nyimbo zote kubwa kabla ya saa sita, saa nane utakuwa huna kitu, ukizificha zote, watu wataondoka kwenda ukumbi mwingine kabla hujazitoa.

Mengine ni ya haraka. Majirani wana haki ya kulala, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zipo chini ya sheria ya mazingira, nao NEMC, baraza la taifa la mazingira, huzisimamia. Besi ndiyo inayopita ukutani, kwa hiyo baada ya saa sita punguza besi hata kama sauti nyingine inabaki. Leseni ya kutumia muziki hadharani ni jukumu la mwenye ukumbi, lakini uliza kama ipo, maana muziki ni jasho la watu na hakimiliki ina sheria yake tangu mwaka 1999. Pia fuatilia BASATA, baraza la sanaa la taifa. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa zilizokuwa zinapendwa sana zilifungiwa, na DJ aliyezicheza alikuwa anauweka ukumbi hatarini.

Kijana wa Sakina, Arusha

Shikamooni wakubwa wangu. Nimerudi baada ya wiki mbili, nikitaka kwanza nijaribu kabla ya kushukuru.

Nimetengeneza nakala za nyimbo 40 zenye utangulizi wa mapigo 32. Nimefuta karibu theluthi ya mafaili yangu baada ya kuyasikiliza kwenye spika za ukumbi mchana, tukiwa wawili tu mimi na mfagiaji, na kweli yalisikika kama alivyosema fundi. Pop ya wageni nimeihamishia saa nne hadi saa tano na nusu. Ijumaa iliyopita nilipanda kutoka 96 hadi 112 kwa muda wa dakika 50, na kwa mara ya kwanza nilisahau kuutazama uwanja kwa hofu, nikautazama kwa raha. Meneja hakusema neno, lakini alituma mhudumu aniletee maji na chakula, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Daftari nimelianzisha. Mzee wangu, naomba usinikasirikie.

Nimeshindwa na mambo mawili. Mkato wa kutoka 112 kwenda 126 naukosea kwa sekunde moja au zaidi, mwangwi unaisha kabla sijawa tayari na ule ukimya unakuwa mrefu. Na singeli imenikatalia kabisa: programu yangu inaisoma ya 224 kana kwamba ni 112 mara nyingine, na mara nyingine inaisoma vibaya katikati ya wimbo, kwa hiyo nikibonyeza kitufe cha kusawazisha mapigo kila kitu kinateleza.

Mkongwe wa Pasua, Moshi

Daftari halinikasirishi, kijana wangu. Nimemsoma dada yetu wa Njiro, na nimemwambia kijana anayenisaidia alinunue la kwetu.

Kitufe hicho usikitumie kwa singeli. Zilizorekodiwa kwa haraka mitaani hubadilika kasi kidogo ndani ya wimbo, na programu huchora mistari yake kwa kukisia. Hesabu kwa mguu, mguu mmoja kwa kila mapigo mawili, ushike wimbo kwa kidole kama tulivyoshika santuri. Kuhusu mkato, tatizo lako ni kwamba unatafuta wimbo wa pili wakati mwangwi umekwisha kuanza. Weka alama ya kuanzia kwenye pigo la kwanza la kiitikio nyumbani, siku moja kabla, kidole kiwe juu ya kitufe kabla hujagusa mwangwi.

Mambo haya hayaandikiki yote. Alhamisi hii panda basi la mchana uje Moshi, uwe ukumbini saa kumi na moja jioni, kabla wahudumu hawajapanga viti. Lete hedifoni zako, flashi, na zile nyimbo mbili zilizokushinda.